Orion ya Siegfried Linkwitz: kisa cha spika isiyokamilika bila krosova ya elektroniki

Mwaka 2002 Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard huko California kwa zaidi ya miaka 30 akisanifu vyombo vya kupimia mawimbi ya redio, alitoa michoro ya spika za nyumbani alizoziita Orion. Zilikuwa spika za njia 3. Kila upande ulikuwa na wufa (spika za sauti nzito) 2 za inchi 10 kutoka Peerless ya Denmark, spika moja ya kati ya inchi 8 yenye koni ya magnesiamu, na twita (spika ndogo ya sauti kali) moja ya kuba laini, hizo mbili za mwisho zikitoka SEAS ya Norway. Jambo la kwanza analoliona mgeni ni kwamba hazina boksi. Spika ya kati imeshikwa kwenye ubao ambao mgongo wake uko wazi, hata ukizunguka nyuma unaiona sumaku, na wufa nazo zimo ndani ya fremu isiyozibwa mbele wala nyuma.

Jambo la pili analiona yule anayefuata nyaya. Nyuma ya spika hizi hakuna koili wala kapasita za kugawa sauti. Kila spika imeungwa moja kwa moja na amplifaya yake, na kabla ya amplifaya kuna kisanduku chenye ubao wa opampu (vikuza ishara vidogo), rezista na kapasita ndogondogo. Kisanduku hicho ndicho krosova ya elektroniki. Kinapokea ishara ikiwa bado ndogo, yaani kabla haijapewa nguvu ya kusukuma spika, kinaigawa katika njia 3, kisha kila njia inakwenda kwenye amplifaya iliyotengewa.

Nimeichagua Orion kwa sababu inaweka wazi jambo ambalo katika spika za boksi hujificha. Kazi ya kugawa masafa (kasi ya mtetemo wa sauti, inayopimwa kwa Hz), ambayo ndiyo iliyoipa krosova jina lake, ni sehemu ndogo tu ya kazi inayofanywa na ubao huo. Sehemu kubwa ni kurekebisha kasoro za spika na za ubao uliozibeba, ili sauti zinapokutana hewani, mbele ya msikilizaji, zikutane zikiwa zimepatana. Anayesanifu krosova kwa kutazama mchoro wa umeme peke yake, akaridhika kwamba vichujio vyake vinajumlika sawasawa kwenye waya, hajamaliza hata nusu ya safari, kwa kuwa hakuna mtu anayesikiliza waya.

Mzizi wa kisa uko mwaka 1976, pale Linkwitz alipochapisha makala katika jarida la Audio Engineering Society kuhusu krosova za elektroniki kwa spika ambazo hazikai mahali pamoja. Kichujio kilichopendwa na wengi wakati huo kilikuwa kile cha Butterworth cha daraja la 3, kinachoshusha sauti desibeli 18 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapozidi maradufu au kupungua nusu. Kwenye karatasi kilikuwa kizuri: katika masafa ya makutano, pale spika moja inapoipokeza nyingine kazi, kila upande unakuwa umeshuka desibeli 3, pande zote mbili zinatofautiana kifezi, yaani katika hatua ya wimbi, kwa nyuzi 90, na jumla yake inabaki tambarare. Tatizo ni hizo nyuzi 90. Twita na spika ya kati hukaa moja juu ya nyingine, kwa hiyo msikilizaji akiinuka au akiinama, umbali wake kutoka kila moja unabadilika kwa kiasi tofauti. Upande mmoja badiliko hilo linafuta zile nyuzi 90, sauti mbili zinakuwa sambamba na kuvimba kwa desibeli 3. Upande wa pili linaziongeza hadi 180, na sauti zinauana. Mhimili wa sauti, ambao ulipaswa kumwelekea msikilizaji aliyekaa, unainama.

Suluhisho lilitokana na wazo la mwenzake, Russ Riley, na ndiyo maana kichujio hicho kinaitwa Linkwitz-Riley hadi leo. Unachukua kichujio cha Butterworth cha daraja la 2 na kukifuatanisha na kingine kilicho sawa nacho. Matokeo ni daraja la 4, desibeli 24 kwa oktava, na katika makutano kila upande umeshuka desibeli 6 badala ya 3. Kikubwa zaidi ni kwamba pande mbili zinabaki sambamba kifezi katika masafa yote, si kwenye makutano pekee. Mhimili wa sauti unabaki ukielekea mbele moja kwa moja, na ukienda juu au chini kwa kiasi kilekile, kinachobadilika juu ndicho kinachobadilika chini.

Kwa fundi, uzuri wa kichujio hiki ni kwamba kinajengwa kwa vitu vya bei ndogo. Katika Orion makutano ya juu yamewekwa kwenye 1,440 Hz. Tukitaka kujenga kichujio cha kupitisha masafa ya chini kwa makutano hayo, kila hatua inahitaji opampu moja, kapasita ya nanofaradi 10, nyingine ya nanofaradi 20, na rezista 2 za takriban omu 7,800. Hatua mbili za namna hiyo, moja baada ya nyingine, zinakamilisha daraja la 4. Kichujio cha kupitisha masafa ya juu kinageuza nafasi: kapasita mbili zinakuwa sawa za nanofaradi 10, na rezista zinakuwa 7,800 na 15,600. Vyote hivyo vinatosha kwenye kiganja.

Linganisha hali hiyo na makutano ya chini, ambayo katika Orion yako takriban 100 Hz. Mtu akitaka kuyajenga kwa njia ya kawaida, baada ya amplifaya, kwa spika ya omu 8 na kichujio cha Butterworth cha daraja la 2 tu, atahitaji koili ya milihenri 18 na kapasita ya mikrofaradi 141. Koili ya milihenri 18 ikisukwa kwa waya mwembamba itakula nguvu ya wufa kwa ukinzani wake, na ikisukwa kwa waya mnene itakuwa na uzito wa kumchosha mbebaji na bei ya kumkatisha tamaa mnunuzi. Halafu hesabu hiyo yote inadhani kwamba wufa ni omu 8 kweli, ilhali ukinzani wa wufa hupanda na kushuka kulingana na masafa, tena hupanda kadiri koili yake inavyopata joto. Shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Koili ya spika ikipanda nyuzi 100 baada ya dakika kadhaa za muziki wa nguvu, ukinzani wake umeongezeka kwa asilimia 39, na kichujio kilichotegemea ukinzani ule kimehama kutoka mahali kilipowekwa. Kichujio cha opampu hakijui kama spika ina joto au baridi. Nikiri hata hivyo kwamba kuna hasara ambayo krosova ya elektroniki haiondoi: koili ikipanda joto kiasi hicho sauti hushuka karibu desibeli 3, kwa kuwa amplifaya inatoa volti zilezile kwenye ukinzani mkubwa zaidi. Makutano hayahami, lakini ukubwa wa sauti unapungua.

Tufike sasa kwenye kiini cha Orion, yaani mgongo ulio wazi. Koni inaposukuma hewa mbele inaivuta nyuma, na pasipo boksi la kuitenganisha hewa hiyo, mbele na nyuma zinakutana pembeni na kufutana. Sauti inasambaa kwa umbo la tarakimu 8: nguvu mbele, nguvu nyuma, ukimya ubavuni. Linkwitz alilitaka umbo hilo kwa makusudi, kwa sababu chumba kinapigwa kidogo na sauti za pembeni, na besi hazijazani katika kona kama zinavyojazana kwa spika za boksi. Gharama yake ni kwamba kadiri masafa yanavyoshuka, kufutana kunazidi.

Tuchukue mfano wa ubao ambao njia ya sauti kutoka nyuma hadi mbele ni sentimita 30. Hesabu ya mawimbi inasema kwamba pale ambapo njia hiyo ni sehemu ya 6 ya urefu wa wimbi, spika ya mgongo wazi inatoa mbele yake sauti sawa na ile ambayo upande mmoja wa koni ungeitoa peke yake. Kwa sentimita 30 hapo ni karibu 190 Hz. Kutoka hapo kushuka, inapoteza desibeli 6 kwa kila oktava: karibu 6 ikifika 95 Hz, karibu 12 ikifika 48 Hz, na karibu 18 ikifika 24 Hz. Nayo koni inalipa zaidi. Spika ya boksi lililofungwa, ikitakiwa kutoa sauti ya ukubwa uleule oktava moja chini, koni yake lazima isogee mara 4 zaidi. Ya mgongo wazi lazima isogee mara 8. Ndiyo sababu kila upande wa Orion una wufa 2 zenye mwendo mrefu, na ndiyo sababu hata hizo zina kikomo kisichobembelezwa na krosova yoyote.

Upungufu huo lazima ulipwe mahali fulani, na hapa ndipo njia ya koili na kapasita inaposhindwa kabisa. Kichujio kisicho na umeme wake hakiwezi kuongeza kitu. Kinaweza tu kupunguza vilivyozidi. Ili 48 Hz isimame sawa na 190 Hz, ingebidi kila kilicho juu kipunguzwe kwa desibeli 12, yaani nguvu igawanywe kwa 16. Amplifaya ya wati 100 ingebaki na takriban wati 6 za kazi katika masafa hayo ya juu, nyingine zikiwa zimegeuka joto ndani ya rezista. Krosova ya elektroniki inainua masafa ya chini kwa hatua ya opampu kabla ya amplifaya, na mzigo unaiangukia amplifaya ya besi pekee. Mtu asidhani kwamba nguvu hiyo inapatikana bure: wufa bado inazidai wati zake zote 48 Hz inapopigwa. Tofauti ni kwamba twita na spika ya kati hazishirikishwi katika deni hilo.

Ubao wa Orion hauishii hapo. Spika ya kati nayo ni ya mgongo wazi, kwa hiyo nayo inahitaji kuinuliwa kuelekea makutano ya chini. Koni yake ya magnesiamu ni ngumu na nyepesi, na katika masafa inayotumika inakwenda kama bamba moja lisilojikunja, jambo ambalo koni ya karatasi hulifanya kwa shida. Lakini metali ngumu ikifika masafa yake ya asili hulia kama kengele, kwa kilele kirefu na chembamba katika Hz elfu kadhaa. Kichujio cha Linkwitz-Riley kinakuwa kimeshusha desibeli 38 katika masafa yaliyo mara 3 ya makutano. Kilele cha desibeli 15 kingebaki chini kwa desibeli 23, na hiyo ni sauti ndogo lakini bado ipo. Kwa hiyo ubao una kichujio kingine, chembamba, kinachochimba shimo mahali pa kilele hicho hasa.

Kuna jambo hapa ambalo wajenzi wengi hulipita, nami nililipita kwa miaka. Kichujio kinachokaa kabla ya spika kinazuia ishara isifike kwenye kilele. Hakiwezi kuzuia kile ambacho spika yenyewe inakizalisha. Tuseme koni fulani inalia kwenye 4,500 Hz. Ukiipa sauti safi ya 1,500 Hz, sumaku na koili yake, kwa kuwa hazijakamilika, zitazalisha kiasi kidogo cha masafa ya mara 3, ambayo ni 4,500 Hz, na koni itayapokea kwa furaha na kuyakuza. Shimo ulilochimba kwenye krosova halihusiki, maana sauti hiyo imezaliwa baada yake. Dawa ni kuikabidhi twita kazi mapema, kabla theluthi ya masafa ya kilele haijafikiwa au pale inapofikiwa tu. Nikiitazama 1,440 Hz kwa jicho hilo, naiona kuwa ni busara kuliko inavyoonekana kwenye orodha ya vipimo. Urefu wa wimbi katika masafa hayo ni karibu sentimita 24, ambapo koni ya inchi 8 ndiyo kwanza inaanza kuielekeza sauti mbele na kuacha kuisambaza, kwa hiyo twita inapokea kazi kabla badiliko hilo halijakua. Kuipa twita kazi chini namna hiyo kungekuwa ukatili kama mteremko ungekuwa wa taratibu. Kwa desibeli 24 kwa oktava, ikifika 720 Hz twita inapokea ishara iliyoshushwa kwa zaidi ya desibeli 24, na inaokoka.

Mteremko huo, ikumbukwe, ni wa sauti ya hewani. Twita kwa asili yake hushuka yenyewe chini ya masafa fulani, na spika ya kati ina mapindo yake. Msanifu anachukua lengo, yaani umbo la Linkwitz-Riley la daraja la 4, kisha anatoa kile ambacho spika tayari inafanya, na kinachobaki ndicho anachokijenga kwa opampu. Ndiyo maana mtu anayenunua krosova ya dukani, akaweka kitufe kwenye desibeli 24 na makutano kwenye masafa aliyosoma mahali, huishia kushangaa kwa nini kile kilichoandikwa kwenye kisanduku hakionekani kwenye maikrofoni.

Lililobaki ni umbali. Koni ya spika ya kati ina kina, na chanzo cha sauti yake kiko nyuma zaidi kuliko cha kuba la twita iliyoshikwa kwenye ubao huohuo. Tuseme tofauti ni sentimita 4, na vituo vya spika hizo mbili vimeachana kwa sentimita 18. Kwenye 1,440 Hz sentimita 4 ni nyuzi 60 za fezi. Ukipima ukiwa umekaa mbele ya twita, hasara ni desibeli 1 na robo, kiasi ambacho wengi wangekisamehe. Lakini mhimili wa sauti umeinama kwa karibu nyuzi 13, na kwa msikilizaji aliye mita 3 kutoka kwenye spika hiyo ni sentimita 68 juu au chini ya mahali alipokaa. Yaani sauti sahihi iko usawa wa magoti yake, au iko juu ya kichwa chake, na yeye ameketi pembeni yake akilaumu amplifaya.

Dawa ni kuichelewesha twita kwa muda ambao sauti inautumia kusafiri sentimita 4, ambao ni mikrosekunde 116. Katika elektroniki za analogia hakuna kitufe cha kuchelewesha; kuna vichujio vinavyopitisha masafa yote kwa ukubwa uleule huku vikiyageuza kifezi. Kimoja cha daraja la kwanza chenye kapasita ya nanofaradi 10 na rezista ya omu 5,800 kinatoa mikrosekunde 116 katika masafa ya chini, lakini kikifika 1,440 Hz kinakuwa kimeshuka hadi takriban 107. Vitatu vidogo vikifuatana vinafika 115, na ndiyo sababu msanifu makini hupanga hatua kadhaa badala ya moja.

Utajuaje kwamba umepatia? Jaribio lake ni rahisi na halidanganyi. Weka maikrofoni usawa wa sikio la msikilizaji, mita 2 hivi mbele ya spika, piga sauti moja ya 1,440 Hz, na soma kipimo. Zima amplifaya, geuza nyaya za twita, chanya iwe hasi, kisha washa tena na usome. Kama spika mbili ziko sambamba kweli, sasa zinafutana, na kipimo kinatumbukia. Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza, kwa mfumo wangu mdogo wa njia 2, kipimo kilishuka desibeli 9 tu, nikajua kuna kitu hakijakaa sawa. Nilibadilisha rezista za kuchelewesha moja baada ya nyingine, na kila badiliko lilisikika hata bila kipimo: ule mlio mkali wa chumba kizima ulianza kufifia, ukawa kama unatoka chumba cha jirani, mpaka nikiugeuza uso kidogo pembeni ndipo naupata. Tofauti ya nusu desibeli kati ya spika mbili pamoja na nyuzi 5 za fezi bado zinaruhusu shimo la desibeli 25. Ukilifikia hilo, rudisha nyaya za twita mahali pake na uache kuhangaika.

Kuhusu amplifaya sitasema mengi. Linkwitz alipendekeza AT6012 ya kampuni ya ATI, yenye chaneli 12 za wati 60, na Orion mbili zinatumia 8 kati ya hizo. Wapo waliocheka wati 60 kwa spika za kiwango hicho. Hesabu haiko upande wao. Wati 60 kwenye omu 8 ni kilele cha volti 31. Besi ya volti 31 na sauti ya kati ya volti 31 zikipita katika amplifaya moja, vilele vyake vinaweza kuangukiana na kudai volti 62, na amplifaya yenye volti 62 ni ya wati 240. Zikitenganishwa, kila moja inahitaji 60 tu. Na ikitokea besi ikazidi uwezo, amplifaya ya besi inakata vilele peke yake, na mikwaruzo inayozaliwa hapo haina njia ya kuifikia twita.

Hasara zipo, na zilizo kubwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya wakati. Jumla ya Linkwitz-Riley ni tambarare kwa ukubwa lakini si kwa fezi. Katika kila makutano fezi inazunguka duara zima. Makutano ya 1,440 Hz yanachelewesha yaliyo chini yake kwa mikrosekunde 313, kama sentimita 11 za hewa. Yale ya 100 Hz yanachelewesha besi kwa milisekunde 4.5, ambazo ni zaidi ya mita 1 na nusu, kana kwamba mpiga besi amesukumwa nyuma ya wenzake. Linkwitz alilikubali hilo kwa sababu, kwa majaribio na masikio yake, halikudhuru muziki. Mimi naliona hivyo kwa makutano ya juu. Kwa yale ya chini nikisikiliza ngoma kavu huwa napata shaka, ingawa sijaweza kuithibitisha kwa jaribio la kuficha macho.

Ya pili ni ya usalama. Twita iliyoungwa moja kwa moja na amplifaya haina kinga. Ubao wa opampu unapowashwa, volti chanya na hasi hazifiki pamoja, na kwa sehemu ya sekunde njia ya kutokea inaruka. Kama amplifaya imewashwa tayari, mruko huo unakwenda wote kwenye koili yenye waya mwembamba kama unywele. Nimewahi kuunguza twita namna hiyo: kishindo kimoja, harufu ya gundi iliyoungua, na nilipoifungua, koili ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa. Tangu siku hiyo krosova naiwasha kwanza na amplifaya mwisho, na kuzima ni kinyume chake. Wengine huweka kapasita moja nene kabla ya twita kama mlinzi. Inasaidia, lakini si bure: mikrofaradi 47 kwa twita ya omu 8 inasogeza fezi kwa nyuzi 16 kwenye 1,440 Hz, na asiyeliingiza hilo katika hesabu ya kuchelewesha ameinamisha mhimili wake tena kwa nyuzi 3 na nusu.

Orion yenyewe haikubaki kama ilivyotoka mwaka 2002. Juu ya 1,440 Hz spika ilikuwa inatoa sauti mbele peke yake, maana twita haina mgongo wazi, na umbo la tarakimu 8 likakatika hapo. Baadaye Linkwitz aliongeza twita ya pili inayotazama nyuma, na kwa kuwa chumba sasa kilipokea sauti kali zaidi kutoka ukutani, mizani ya masafa ikabidi ipangwe upya. Kwa spika ya koili na kapasita badiliko kama hilo lingekuwa ununuzi mpya. Wenye Orion walipokea orodha ya rezista na kapasita za kubadilisha, wakafungua kisanduku, wakashika chuma cha kulehemu, na jioni hiyohiyo wakawa na toleo jipya.

Wapo waliouacha ubao wa analogia na kuingiza mikunjo ileile katika krosova ya kidijiti, ambako mikrosekunde 116 ni tarakimu unayoiandika. Ni njia halali, ila ina mtego wake. Mashine inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde ina hatua za karibu mikrosekunde 21, hivyo kama programu haiwezi kugawa sampuli, 116 itaangukia 104 au 125. Na ule uinuaji wa desibeli 18 wa besi unahitaji nafasi: ishara isiposhushwa kwanza kwa kiasi hichohicho, itagonga dari la tarakimu katika wimbo wa kwanza wenye besi nzito.

Mwaka 2012 Linkwitz alitoa mrithi wa Orion, LX521, ya njia 4. Ubao wake unapungua upana kadiri spika zinavyopanda juu, ili njia ya sauti kutoka nyuma hadi mbele iendane na urefu wa mawimbi ya kila spika, na umbo la tarakimu 8 lisikatike katikati ya muziki. Sehemu ya kazi ambayo katika Orion ilikuwa imebebwa na opampu ilirudishwa kwenye mbao na msumeno.